Aliyezipanda Alizeti Chungwa

Walichimba mpaka udongo ukabadilika rangi, na hawakumpata mtu. Walichopata ni mfupa mmoja, ambao Sajini aliuinua juu kwa glavu kama aliyeokota dhahabu. Daktari wa polisi aliutupia jicho mara moja tu, akasema ni wa mbwa, tena mbwa mzee aliyekufa kwa ajali yake mwenyewe, akarudi kwenye gari kumalizia usingizi.

Inspekta alisimama kando ya shimo, mikono nyuma. Kituoni walimwita Mama Taratibu, bila yeye kusikia, kwa kuwa hakuwa na haraka hata ya kunywa chai ikiwa bado ya moto. Shimo lenyewe hakulitazama. Alitazama kilichotolewa humo: alizeti chungwa, zile ndefu zinazompita mtu mzima kimo, zenye maua ya rangi ya chungwa lililoiva. Sasa zilikuwa zimelazwa ukutani rundo zima, mizizi juu. Maua mengi yalikuwa bado yamefunguka vizuri, kana kwamba hayajapewa habari.

"Afande, hapa hakuna kitu," Sajini alisema, akijifuta jasho. "Labda kamzika kwingine."

"Au labda hakumzika."

Mtu wa tatu aliyekuwa pale uani hakulipenda jibu hilo. Alikuwa kaka wa mwanamke aliyepotea, mwanaume mpana mwenye sauti ya kuzoea kuamuru, na ndiye aliyekuja kituoni kushtaki kwamba dada yake ameuawa na mumewe akafukiwa chini ya maua.

"Mmechimba kijuujuu!" alisema. "Ninyi mnamjua shemeji yangu? Mke hayupo mwaka mzima, hajaja polisi, hajatupigia simu sisi wakwe zake, hajauliza hata jirani! Nimempigia mimi mwenyewe, namuuliza dada yangu yuko wapi, ananijibu neno moja: 'Hayupo.' Hayupo! Kama muuza duka anayekwambia sukari imekwisha."

"Ulimpigia lini?"

"Juzi juzi hapa."

"Na mwaka mzima huo mwingine, bwana, wewe ulikuwa unamtafuta dada yako kwa njia gani?"

Kaka mtu alitoka kwenda kuvuta sigara barabarani. Inspekta hakufurahia kumnyamazisha. Alishaona kesi nyingi za watu waliopotea, na mara nyingi mtu huwa ameshapotea siku nyingi kabla nduguze hawajaanza kupiga kelele.

Simu yake ikalia. Alikuwa Mkuu wa Kituo.

"Mmempata?"

"Tumempata mbwa, mkuu."

"Sina muda wa mzaha. Mume hataki kusema, jirani alimwona akichimba, mwanamke hajulikani aliko na simu yake imezimwa tangu aondoke. Kesho mchana anapelekwa mahakamani kusomewa shtaka la mauaji. Ukiwa na cha kunizuia, niletee kabla ya hapo. Kama huna, usiniletee falsafa."

Simu ikakatwa. Inspekta alichuchumaa kwenye rundo, akachukua shina moja, akaligeuza geuza.

"Sajini, huyu mama aliondoka lini?"

"Mwaka jana, afande. Jirani anasema maua ya mwaka jana yalikuwa yamekwisha kukauka."

"Basi haya kayapanda nani?"

"Si yameota tu? Maua ni maua."

"Haya huishi msimu mmoja, yanakufa mpaka mizizi. Mimi niliwahi kuyapanda pale kwangu. Yalipokauka nikayafyeka, nikakaa nasubiri mwakani yachipue. Nilisubiri mwaka mzima, nikimwagilia udongo mtupu." Alisema hivyo bila kucheka. "Usipotia mbegu, hupati kitu."

"Mbegu zinaweza kudondoka zenyewe."

"Zinaweza. Lakini zikidondoka zenyewe zinaota ovyo ovyo, nyingine njiani, nyingine ukutani. Haya mmeyang'oa yakiwa kwenye mstari, nafasi zake sawasawa. Na ona hapa chini, shina limekatwa ncha likiwa changa ili litoe matawi. Na juu huku, kila ua lililokauka limeondolewa ili mengine yaendelee kutoka. Makovu haya ni ya zamani. Haya ni ya siku chache tu zilizopita. Mkasi huo, Sajini, tena mkasi mkali."

"Basi ni mume."

"Huenda," Inspekta alisema, akachagua shina moja lenye maua matatu, akaliweka kando.

Kabla ya kuondoka alizunguka nyumba polepole, kwa mwendo uleule uliompa jina. Mlango wa mbele ulikuwa na kitasa, komeo na kufuli mbili, kazi ya mtu asiyeamini watu. Lakini kigeti cha nyuma, kile cha kutokea uchochoroni, kilikuwa kimerudishwa tu, na kufuli lake lililoshika kutu lilining'inia wazi. Karibu na kitanda cha maua palikuwa na ndoo yenye mfuniko, na juu ya mfuniko kikombe cha bati. Ndani ya ndoo kulikuwa na maji safi, pomoni. Bomba la maji lilikuwa jikoni, nyuma ya kufuli zote zile.

Ndani hakukaa sana. Sahani moja kwenye kichanja cha vyombo. Kiti kimoja kimevutwa mezani, cha pili kimesukumwa ndani kabisa. Kitanda cha chumbani kilikuwa kipana, cha watu wawili, na godoro lake lilikuwa limebonyea upande mmoja. Upande wa pili shuka lilikuwa limenyooshwa vizuri kabisa, kama la hotelini. Inspekta alizima taa na kutoka.

*

Jirani alikuwa fundi wa mapazia. Cherehani yake ilikaa dirishani, ikitazama nyumba ya mtuhumiwa uso kwa uso, na mwenyewe hakuona haya kusema kwamba aliiweka hapo makusudi.

"Nilimwona kwa macho yangu haya," alisema, miguu ikiendelea kukanyaga. "Asubuhi mapema, ana jembe. Mwanaume ambaye tangu nimjue hajainua hata ufagio! Nikasema moyoni, leo kuna jambo."

"Alichimba shimo au alilima?"

"Alikuwa analima, anavunjavunja mabonge. Lakini..."

"Kabla mkewe hajaondoka, au baada?"

"Baada! Ndiyo maana nikashtuka."

"Baada ya siku chache?"

Cherehani ikasimama. "Baada ya miezi. Mvua zilikuwa zinakaribia."

"Kwa hiyo alikaa na maiti miezi, halafu ndiyo akakumbuka kulima juu juu."

Fundi alitazama pazia lake. "Mimi nilisema nilichoona. Ninyi polisi ndio mliosema mauaji."

"Uliona nani akipanda?"

"Hapana. Siku moja nikaona tu majani, mara yamepita ukuta, mara rangi ya chungwa tupu. Yalikuwa yanapendeza, nisiseme uongo."

"Hukosekani hapa dirishani?"

"Mimi? Nikose niende wapi? Labda siku ya soko. Siku hiyo nakwenda kununua vitambaa, narudi jioni." Aliukata uzi kwa meno. "Zamani nilikuwa nakwenda na yeye, shoga yangu. Wewe, yule mama alikuwa anaongea! Njia nzima, mpaka makondakta wanamjua. Tukishakaribia pale getini kwake anapunguza, anapunguza, akifika mlangoni kimya, kama redio iliyokwisha betri."

"Walikuwa wanagombana?"

"Bora wangegombana. Ningesikia chochote."

*

Mume aliletwa chumba cha mahojiano bila mkanda na bila kamba za viatu. Kazini alipima uzito wa malori, akikaa peke yake kwenye kibanda kando ya mzani na kuwatamkia madereva tarakimu, na madereva walimwita Bwana Mizani. Alikuwa mwembamba, nadhifu, na aliketi kwenye ukingo wa kiti kama mgeni asiyetaka kusumbua.

Sajini alikuwa ameshamhoji mara mbili na kupata majibu ambayo yangeandikika kwenye tiketi ya basi. Inspekta hakufungua jalada. Aliweka mezani lile shina lenye maua matatu.

"Nichumie moja," alisema.

Mume alimtazama.

"Moja tu. Nataka kuliweka kwenye glasi."

Mume alinyoosha mkono, akalikamata ua kwa vidole viwili pale shingoni, chini kidogo ya petali, akavuta. Shingo ya ua hilo ni nene lakini ndani haina kitu, ni tupu kama mrija. Ilibonyea palepale, ikapinda, na ua likalala kifudifudi mkononi mwake. Alijaribu kulinyoosha. Likalala tena.

"Samahani," alisema.

"Si kitu. Mtu aliyeyahudumia msimu mzima angejua yanashikwa chini zaidi. Kwa hiyo si wewe uliyekuwa unayakata." Inspekta alisogeza kiti. "Kuna mtu anaingia kwa kigeti chako cha nyuma. Kigeti unakiacha wazi wewe, mtu mwenye kufuli mbili mbele. Mtu huyo hana ufunguo wa jikoni, kwa hiyo unamwachia maji nje. Na kikombe, akisikia kiu. Nani huyo?"

Mume alijaribu tena kulinyoosha ua.

"Kesho mchana unasomewa shtaka la kumuua mkeo. Unaelewa maana yake? Si mzaha huo. Ukiniambia jina moja, unalala nyumbani."

Mume aliendelea kulishika ua. "Mmechimba?" aliuliza.

"Tumechimba."

"Yote?"

"Yote. Hakuna shina lililobaki."

Hapo ndipo alipolia. Hakupaza sauti. Machozi yalishuka tu, naye akayafuta kwa kiganja kwa haraka, kama anayeona aibu kuchafua meza ya serikali. Inspekta alikuwa ameshawaona wauaji wakiambiwa kwamba shimo limechimbwa na halikutoa kitu. Hupumua. Huyu alikuwa amefiwa palepale mbele yake.

"Yuko hai," Inspekta alisema polepole. "Na wewe unajua."

"Afande, nakuomba uache."

"Niache nini?"

"Nipeleke tu mahakamani."

Alirudishwa mahabusu. Sajini alimfungulia mlango, akarudi anakuna kichwa.

"Mtu gani huyu, afande? Unamrushia kamba, anaikata."

"Mtu anayelinda kitu. Twende mzanini."

*

Kibanda cha mzani kilikuwa na upana wa kumtosha mtu na thermosi yake. Madirisha yalitazama foleni ya malori upande mmoja na ukuta upande wa pili. Ukutani hapakuwa na picha wala kalenda. Msimamizi wa zamu, mzee mcheshi aliyekuwa amejibana humo kwa dharura, alitoka nje ili wapate nafasi ya kuongea.

"Mtu mwema, lakini ni bubu mwenye ulimi," alisema. "Nimefanya naye kazi miaka mingi. Nikimwambia nimefiwa, ananishika bega. Nikimwambia nimepata mjukuu, ananishika bega lilelile."

"Zamu zake zilikoje?"

"Hapo ndipo pa kushangaza. Siku ya soko hapa ni balaa, malori mpaka kule kwenye kona. Kila mtu anaikwepa. Yeye mwaka huu akaja mwenyewe akaiomba. Siku ya soko niweke mimi, asubuhi mpaka jioni, kila wiki. Nikamuuliza una wazimu? Akanishika bega."

"Hajawahi kuikosa?"

"Hata siku moja. Kuna wiki alikuja na homa, anatetemeka hivi, anasoma tarakimu vibaya, madereva wanalalamika. Nikamwambia bwana, nenda nyumbani ukalale. Akaniambia, 'Leo siwezi kwenda nyumbani.' Akalala pale sakafuni, chini ya meza, mpaka jioni. Sikumwelewa mpaka leo."

Inspekta alimshukuru, akarudi kwenye gari. Hakuwasha injini kwa muda.

"Siku ya soko jirani hayupo dirishani," alisema. "Siku hiyohiyo mume anahakikisha na yeye hayupo, hata akiugua. Anampisha mtu, Sajini. Anampisha mkewe aje ahudumie maua yake bila kukutana na mtu. Akisema mkewe yuko hai, tutamfuata, na tukishamfuata hatakuja tena. Ndiyo maana amenyamaza."

"Yaani anakubali kushtakiwa kwa mauaji kwa sababu ya kitanda cha maua?"

"Kwa sababu ya nyayo za mtu uani mara moja kwa wiki. Wewe una mke na watoto watatu wanaokupigia kelele, huwezi kuelewa." Aliwasha gari. "Siku ya soko lini?"

Sajini alihesabu kichwani, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kesho, afande."

*

Asubuhi Inspekta aliketi jikoni kwa Bwana Mizani, kwenye kile kiti kilichovutwa. Alimweka Sajini uchochoroni, mbali kidogo, akamkataza kuvuta hata pumzi kubwa. Fundi mapazia alipita na kikapu chake, akatazama nyumba kwa shauku, akaenda zake. Nyumba ilitulia. Inspekta alishangaa jinsi ilivyotulia. Kwake pia palikuwa kimya hivi, lakini kimya cha kwako unakizoea, cha mwenzio unakisikia.

Mchana ulikaribia. Mkuu alipiga simu, Inspekta hakupokea. Alipiga tena. Inspekta aliigeuza simu kifudifudi mezani.

Kigeti kikalia.

Mwanamke aliingia kwa mgongo, akikisukuma kwa bega jinsi mtu anavyoingia mahali anapopajua. Alikuwa na mfuko wa kitambaa begani na mkasi mkononi tayari. Alipogeuka akaliona shimo, na rundo lililosinyaa ukutani. Alisimama. Mkono wenye mkasi ulishuka polepole.

"Ameamua kuyang'oa," alisema peke yake.

"Si yeye, dada," Inspekta alisema kutoka mlangoni, akionyesha kitambulisho. "Ni sisi. Polisi."

"Polisi?" Uso wake ulibadilika kabisa. "Yuko wapi? Amekufa?"

"Mzima. Ila yuko mahabusu. Mchana huu anashtakiwa kwa kukuua wewe."

Mwanamke alikaa chini, juu ya ile ndoo, kikombe kikaangukia huko. Kwanza alicheka. "Kaniua? Yule? Yule hawezi kuanzisha mazungumzo, ataanzisha mauaji?" Kisha cheko likamwishia. "Nani kasema hivyo?"

"Kaka yako."

"Kaka yangu! Kaka yangu hanipigii simu mpaka afiwe."

Inspekta alijiegemeza ukutani. Muda ulikuwa unakimbia, lakini hakuwa mtu wa kumkimbiza mtu mwingine. "Ulikuwa wapi?"

"Hosteli ya wauguzi, upande wa pili wa mji. Nafua mashuka. Nina chumba changu." Aliutazama mkasi. "Hakunipiga, andika hivyo. Hakuninyima kitu. Niliondoka kwa sababu nilikuwa naongea mwenyewe ndani ya nyumba. Naongea, sauti inazunguka kuta, inanirudia. Miaka, dada yangu. Siku moja nikajikuta namsalimia kabati. Nikaogopa, nikafunga mfuko. Kwa kaka nisingekwenda, angenirudisha hapa siku hiyohiyo na hotuba juu."

"Lakini ulirudi kwa maua."

"Nilikuja kuangalia tu. Nikakuta kitanda kimelimwa, udongo laini. Nikasema anataka kupanda mboga zake, anifute kabisa. Nikamuwahi. Nikapanda siku ileile."

"Alikulimia wewe."

Mwanamke aligeuka kulitazama shimo.

"Na maji?"

"Nilidhani ndoo kaisahau."

"Kila wiki anasahau ndoo iliyojaa, yenye mfuniko?"

Mwanamke aliinuka, akaiangalia ile ndoo kana kwamba imemtukana.

"Ulichagua siku ambayo jirani hayupo," Inspekta alisema, "na mumeo akakupisha."

"Jirani?" Mwanamke alionekana hakuelewa. Kisha akatikisa kichwa. "Nipeleke kwake. Mengine nitamwambia mwenyewe."

*

Walifika kituoni Mkuu akiwa ameshavaa kofia. Gari la mahakamani lilikuwa linanguruma nje. Kaka mtu, aliyekuja kushuhudia haki ikitendeka, alimwona dada yake akipita mlangoni, akarudi nyuma hatua nzima mpaka akagonga ubao wa matangazo.

"Wewe! Umetuaibisha! Mtu anatangaziwa msiba kumbe..."

"Kaka, mwaka mzima nilikuwa mji huuhuu," dada mtu alisema, akampita.

Mkuu alivua kofia. Alimtazama mwanamke, akamtazama Inspekta. "Mleteni huyo mume ofisini kwangu," alisema.

Bwana Mizani aliletwa akiburuza viatu visivyo na kamba. Alipomwona mkewe alisimama mlangoni kabisa, nusu ndani nusu nje. Kisha akamgeukia Inspekta, na kwa mara ya kwanza palikuwa na hasira usoni mwake.

"Nilikuomba," alisema.

"Uko huru, bwana. Hakuna shtaka."

"Nilikuomba uache."

Inspekta alikuwa na jibu la kisheria, lakini hakulitoa. Mwanamke ndiye aliyesogea.

"Kumbe ulikuwa unajua nakuja."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipopanda."

"Na ukawa unaondoka."

"Nilidhani nikiwepo hutakuja." Alimeza mate. Ilionekana kila neno analipandisha ngazi. "Nikaomba zamu."

Mkewe alimtazama kwa muda mrefu. Inspekta, aliyekuwa amelipanga jambo hili lote kichwani mwake vizuri, jirani, soko, kigeti na ndoo, alimsikia akiliporomosha kwa sauti ndogo iliyochoka.

"Siku ya soko ilikuwa siku yako ya kupumzika," mwanamke alisema. "Miaka yote. Sikuichagua kwa ajili ya jirani. Niliichagua ili nikukute. Nimekuja kila wiki nikisukuma kile kigeti nasema leo atakuwepo. Leo atatoka jikoni aniulize nafanya nini hapa. Nakata maua polepole, nasubiri. Nikaona hataki hata kuniona, anaikimbia nyumba yake kwa sababu yangu."

Mume alishika ukingo wa meza. Alifungua mdomo. Hakuna kitu kilichotoka.

Kaka mtu alikohoa, akajiandaa kuchangia. Inspekta alimshika kiwiko, akamtoa nje. Akarudi akamtoa Sajini. Mwishoni alimtazama Mkuu mwenyewe mpaka Mkuu naye akaelewa, akachukua kofia yake akatoka. Inspekta aliufunga mlango, akavuta kiti cha korido, akaketi mbele yake ili asiingie mtu.

Gari la mahakamani lilizimwa. Pale kaunta simu ziliendelea kulia, watu waliendelea kuleta malalamiko ya kuku na viwanja. Baada ya muda Mkuu alirudi, akasimama akitazama mlango wa ofisi yake.

"Nina kazi humo ndani," alisema kwa mnong'ono. "Wanasema nini?"

Inspekta aliegemeza kichwa mlangoni, akatega sikio.

"Bado hawajaanza," alisema.